Dakika Kumi na Mbili za Fundi Lukumani

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipo, sebuleni, dukani au kwenye tawi la mti shambani, naomba tukae pamoja kidogo. Leo sina muziki wa kufungulia. Leo zimetimia siku arobaini tangu afariki Lukumani bin Saidi, fundi seremala wa Ipuli, hapa Tabora. Amefariki Oktoba mwaka huu wa 1975, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Amefariki ndani ya ndege aliyoiunda kwa mikono yake.

Ndiyo, mmesikia sawasawa. Ndege. Mjini walimcheka miaka mitatu, na mimi nilicheka pamoja nao. Vijana wa baraza za kahawa walimwita Rubani Randa. Yeye alikuwa akiitikia.

Lakini ndege haikuanza na ndege, wasikilizaji wapendwa. Ilianza na mkewe, Tatu.

Februari mwaka 1972, Bi Tatu alikwenda kumtazama mama yake katika kijiji cha ujamaa, kilomita themanini na tano kusini mwa mji. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Uchungu ukamshika hukohuko, na mtoto amekaa vibaya. Gari la kijiji lilikuwa trekta. Wakamlaza kwenye tela, juu ya magunia, chini ya turubai, na mvua za Februari mnazijua. Lukumani, aliyekuwa amemfuata kwa baiskeli, alikaa kwenye tela akimshika kichwa. Walisafiri saa kumi na moja. Bi Tatu alikata roho wakiwa wameshaliona lango la hospitali ya Kitete. Yeye na mtoto.

Dada yake Lukumani, Bi Mwanahawa, ndiye aliyenisimulia. Anasema baada ya matanga kaka yake hakulia tena. Alikwenda kukaa karakana na kuanza kuchora.

Michoro alipewa na rubani mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao, ndani ya gazeti moja kuukuu. Ndege ya mtu mmoja na mgonjwa mmoja, mbao na kitambaa, nyepesi, yenye mbio. Injini ilitoka kwenye gari dogo lililopinduka, lile lenye mgongo wa kobe. Aliyeitengeneza upya ni rafiki yake wa miaka mingi, Ambrosi Jilala, fundi wa reli. Lukumani wa msikitini, Ambrosi wa kanisani. Walikuwa hawaachani, na walikuwa hawaishi kubishana.

Ubishi wao mkubwa ulikuwa juu ya pangaboi, lile panga la mbele linalozunguka na kuivuta ndege. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kila kitu kimesimama hapa.

Ambrosi alinieleza hivi. Pangaboi la ndege kama ile halina gia. Ukishalichonga, umelichonga. Ukilichonga mapanga yakalala kidogo, ndege itaruka upesi na kupanda upesi, lakini angani haitakuwa na mbio. Ukiyakatisha hewa kwa pembe kubwa, angani itakwenda kama mshale, lakini chini itakuwa nzito, kama lori unaloliondoa kwa gia ya nne. Moja ni la kupanda. Moja ni la mbio. Huwezi kupata yote mawili kwenye pangaboi moja.

Basi si achonge mawili? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Pangaboi linataka mbao kavu, kavu kabisa, isije ikajipinda. Wakati ule mninga uliokauka haukupatikana. Mbao zote za maana zilikwenda kwenye madawati ya shule za vijiji vipya, na zilikwenda mbichi. Karakana nzima ya Lukumani ilikuwa na mbao kavu sita tu, darini, zina miaka kumi na minne pale. Nazo zilikuwa na kazi yake.

Zilikuwa mbao za kaburi lake. Baba yake, mzee Saidi, naye seremala, alimwachia usia: seremala hazikwi kwa mbao za kuomba. Kwa hiyo Lukumani alijiwekea mapema mbao sita za kuzibia mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi anamolazwa maiti, siku yake ikifika. Hakuziuza. Hakumwazima mtu.

Mwaka jana alizishusha. Bi Mwanahawa alimuuliza kama amerukwa na akili. Alijibiwa kwamba maiti haina haraka.

Mbao sita, gundi, tabaka juu ya tabaka. Pangaboi moja. Sasa lipi?

Ambrosi alitaka la kupanda. Alimkumbusha kwamba Tabora ipo juu, hewa yake nyepesi, na injini yenyewe ya gari. Akapiga hesabu kwa chaki kwenye ukuta wa karakana. Nimeiona, bado ipo. Kutoka kijiji kile hadi Kitete, kwa pangaboi la kupanda, dakika arobaini na mbili. Kwa pangaboi la mbio, dakika thelathini. Ambrosi akamwambia tofauti ni dakika kumi na mbili tu, zisimtoe roho.

Lukumani alimjibu hivi, na Ambrosi ananukuu macho yakiwa chini: "Tatu alikufa tumeshaliona lango. Ambrosi, wewe unajua dakika kumi na mbili ni kitu gani?"

Likachongwa la mbio.

Walipoufunga mkia wa ndege kwenye kisiki na kuwasha, injini ilikoroma tu, haikufika mlio wake. Ambrosi akatikisa kichwa. Lakini Juni, katika baridi ya alfajiri, kwenye uwanja walioufyeka upande wa Ntalikwa, ndege iliruka. Ilikula uwanja karibu wote, ikaruka. Iliruka mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa alfajiri. Bi Mwanahawa aliwapa sheria ya babu yao, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya kwenda pwani: mzigo hubebwa alfajiri, na saa nne hutuliwa, maana jua likifika utosini mzigo uleule huwa mwingine. Ambrosi, fundi wa injini, alisema babu yule alikuwa anasema kweli tupu. Hewa ya joto haina nguvu ya kubeba.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nafika mahali nisipopapenda.

Kibali cha kubeba wagonjwa kilihitaji wageni wa serikali waje waione ndege ikiruka. Siku ikapangwa, Oktoba, saa moja asubuhi. Wanakijiji walikuwepo tangu saa kumi na moja. Ngoma ilikuwepo. Lukumani alikuwepo, amevaa kanzu safi chini ya koti. Wageni hawakuwepo. Kulikuwa na chai, halafu hotuba, halafu gari moja likapata pancha na msafara mzima ukalisubiri. Tulifika saa saba mchana.

Nimesema tulifika. Gari la redio lilikuwa kwenye msafara ule. Mimi nilikuwa ndani yake, na chai nilikunywa.

Jua la Oktoba la Tabora sina haja ya kuwaeleza. Ambrosi aliomba shughuli iahirishwe hadi kesho alfajiri. Mgeni mmoja akatazama saa, akasema kesho wako Nzega. Lukumani akaufuta ubao wa pangaboi kwa kiganja. Nikamsogelea na kinasa sauti changu. Nikamwambia, "Fundi, kama ni kuruka, ruka sasa, mkanda wangu umebaki dakika nne."

Alinitazama. Akasema, "Haya, mwanangu. Tusiwacheleweshe."

Ndege ilikwenda uwanja wote. Ilikwenda na kukoroma, haikulia. Mwisho wa uwanja ikanyanyuka kimo cha mtu, ikagoma hapo, haipandi. Mbele kulikuwa na banda la kukaushia tumbaku. Hakuwa na mahali pa kupita. Lukumani bin Saidi alifariki palepale, saa saba na dakika ishirini mchana. Mkanda ninao. Sitaucheza, leo wala siku nyingine.

Alizikwa kesho yake, Ipuli. Mbao za mwanandani hazikuwepo. Seremala aliyewatengenezea nusu ya mji vitanda na milango alizikwa kwa mbao za kuomba, mbichi, moja kutoka nyumba hii, moja nyumba ile. Zikapatikana tano. Ikakosekana ya sita. Watu wakasimama kaburini wakitazamana. Ndipo Ambrosi akapita katikati yao, ameshika nusu ya pangaboi, ile iliyosalia nzima. Ilitosha kama imepimwa.

Tunawapa pole Bi Mwanahawa na jamaa wote wa Ipuli. Pole kwako Ambrosi Jilala. Nasikia huingii tena karakana, na sikulaumu. Mwenyezi Mungu amweke fundi pamoja na Tatu wake. Kibali hakikutoka, na hakuna wa kukiomba tena. Kule kijijini gari la wagonjwa bado ni trekta, na juma lililopita nimeambiwa limekatika ekseli.

Wengine wataniambia niwaage kwa neno la matumaini. Sinalo. Ninalo ombi tu, nalo naliomba kwanza kwa nafsi yangu: tuwafikirie wanaotungoja wakati tukiongeza kikombe cha chai.

Saa ya studio inanionyesha nimesema nanyi kwa dakika kumi na mbili. Zimepita upesi, sivyo? Ndizo hizo alizokuwa akizitafuta.