Kalisti Alishafika

Ndugu waombolezaji, poleni na jua. Mimi ni Romana, dada yake Kalisti, tumbo moja. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa. Atakayechomwa na neno avumilie. Aliyelala hapa kavumilia zaidi.

Kalisti Erasmus Kasonso alizaliwa tarehe 14 Aprili 1987 kijijini Usevya, kwetu Mpimbwe, kitinda mimba wa marehemu mzee Erasmus na mama yetu Agatha. Mama anasema mkunga alifika akamkuta mtoto keshaviringishwa kwenye kanga, analia kwa hasira. Tangu siku ile hakujua kuchelewa. Kanisani alitangulia, shambani alitangulia, na ugali ukiiva alikuwa keshanawa mikono.

Alimaliza darasa la saba hapo Usevya mwaka 2001. Sekondari aliishia kidato cha pili, mwaka ambao mpunga ulitukaukia shambani na mzee akakosa namna. Hakulalamika. Mwaka 2006 alikuja Mpanda kujifunza kuchomelea, na miaka mitatu baadaye akafungua karakana yake Kashaulili. Wengi mliosimama hapa mnalala usingizi kwa sababu ya mageti ya Kalisti. Akisema njoo Ijumaa, ukija Ijumaa unalikuta geti lako limeshapakwa rangi. Fundi wa namna hiyo tafuteni mwingine, mkimpata mniambie.

Tarehe 8 Juni 2013 alifunga ndoa takatifu na wifi yangu Mercy. Walijaliwa watoto wawili, Hana na Erasmus. Hana ana miaka kumi na hajawahi kutembea. Kalisti alimchomelea kiti cha vyuma, akakifunga kwenye karia ya baiskeli, na kila asubuhi alimpeleka shule. Hana ndiye aliyepiga kengele. Mtaa mzima tulijua saa kwa kengele hiyo.

Katika kumpeleka Hana akawaona wenzake, watoto wanaobebwa mgongoni na mama zao mpaka wamekuwa wakubwa kuliko mgongo. Ndipo yeye na rafiki zake wawili, Bashiru muuza vipuri na mwalimu Melkiadi, wakaamua kuendesha baiskeli kutoka Mbeya hadi Mpanda kuchangisha viti mwendo. Kamati ikaundwa, fulana zikachapwa. Watu wakacheka, wakasema hao watatu watarudi na basi.

Waliondoka Mbeya Jumamosi tarehe 7 Juni 2025. Bashiru alimwambia, "Toa hicho kiti bwana, unabeba chuma tupu mpaka Mpanda?" Kalisti akajibu, "Kina mwenyewe hiki." Basi wakapakia ndizi humo. Kila walipolala watu walichanga, wengine wakatoa hata kuku, na hao kuku nao walipanda kwenye kiti cha Hana. Kwenye hifadhi ya Katavi askari waliwasindikiza kwa gari kwa ajili ya simba, lakini inzi wa ndorobo, wale wanaouma, hawazuiliwi na msindikizaji. Walifika Sitalike mapema jioni, migongo imevimba, wanacheka kama wendawazimu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kamati imeniletea karatasi inayosema mauti yalimkuta "akikaribia kukamilisha safari." Huo ni uongo, na sitausoma kama kweli mbele ya jeneza la mdogo wangu.

Jumamosi tarehe 14 Juni, saa tatu asubuhi, saa ileile iliyopangwa, Kalisti na wenzake wawili waliingia sokoni Kashaulili. Niliacha mchele wangu wazi pale ninapouzia, nikakimbia. Mama alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka, akampa uji kwa mkono wake. Kalisti akamwaga ndizi, akamweka Hana kwenye kiti, wakazunguka soko zima, mtoto anapiga kengele. Alifika. Mama yupo hapa, muulizeni.

Uji haujaisha, simu ikalia. Ni mratibu wa kamati.

"Nyie mmeingiaje mjini? Mgeni rasmi bado hajafika!"

"Mratibu, ratiba ilisema saa tatu."

"Rudini barabara ya Sitalike mkasubiri. Mtaingia upya akishakaa. Utepe haujakatwa, hiyo siyo kufika."

Kalisti alinigeukia akitabasamu. "Dada, kumbe hata kufika kunahitaji kibali?" Nikamwambia asiende. Akasema, "Wakiudhika hao, viti tutavipata wapi? Ngoja nikawafikie tena." Hana akalia anataka kwenda naye. Mama akakataa, jua kali. Mungu akubariki, mama.

Walirudi, wakasimama pembeni ya barabara na bango lao. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Kila wakipiga simu wanaambiwa mgeni yuko njiani. Watu waliomaliza safari ya Mbeya walikuwa wanasubiri ruhusa ya kuimaliza. Saa nane kasoro, lori la mahindi likakwepa ng'ombe, likaacha barabara. Bashiru na Melkiadi liliwakosa.

Kwenye wasifu huwa kuna sehemu ya ugonjwa. Kalisti hakuugua. Alikuwa mzima wa afya kuliko sisi sote. Alifariki njiani akipelekwa hospitali, Melkiadi amempakata kichwa. Simlaumu dereva, naye analia hadi leo. Mgeni rasmi alifika saa tisa, akaambiwa shughuli imeahirishwa, akapanda gari lake akaondoka.

Na viti? Viti vipo, ndugu zangu. Vimenunuliwa, vimefungiwa stoo dukani kwa Bashiru, tunaambiwa vinasubiri tarehe mpya ya mgeni rasmi. Leo Hana, kashika kengele ya baiskeli ya baba yake, kaletwa makaburini mgongoni kwa Bashiru, mtu aliyekaa siku nane barabarani ili mtoto huyu asibebwe. Bashiru ndiye mwenye ufunguo. Wazazi, kesho asubuhi njooni na watoto wenu. Hakuna utepe.

Marehemu ameacha mama, mjane Mercy, watoto wawili, kaka yetu Gervas, mimi dada yake, na rafiki wawili ambao sisi tunawahesabu kuwa ndugu. Mercy, wifi yako na shemeji yako tupo. Hana na Erasmus hawatapita mlango wetu na njaa.

Nilikuwa nimalizie hapo. Lakini wakati nasoma, mjumbe wa kamati amekuja kuninong'oneza. Anasema tusishushe jeneza kwanza, kuna kiongozi anataka kutoa salamu za rambirambi, yuko njiani, tumpe nusu saa tu.

Ndugu yangu, hapana. Kalisti alishasubiri. Hakuzoea, na mara moja aliyosubiri ndiyo imetuleta hapa. Huko anakokwenda naamini wanampokea mtu saa anayofika.

Padri, tuendelee. Hana, mwanangu, piga kengele.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Umefika.