Chupa Hii Naishika kwa Mkono wa Kushoto

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana aliyenisimamisha hapa. Na wewe mama mchungaji, usiitazame chupa hii hivyo! Najua ilikuwa ya pombe kali. Niliiokota nyuma ya gesti, nikaisugua kwa majivu mpaka ikatakata. Tazameni kilichomo sasa: mashua yenye mlingoti na tanga la kitenge, na shingo ya chupa yenyewe hata kidole gumba hakipiti.

Mnanijua, mimi ni fundi cherehani, pale kwenye foleni ya malori ya kwenda Zambia. Mwaka jana, msimu wa kulima, nikapigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, mkono wa kushoto ukagoma. Ndugu zangu, nawaambia, fundi bila mkono wa kushoto, nani atamsogezea kitambaa? Cherehani nikaifunika khanga.

Marehemu mume wangu ana mdogo wake anayekaa kule Ndalambo. Huyo shemeji akaja na guta la kubebea mizigo. "Shemeji, mkono umeshakufa. Cherehani nimpelekee binti yangu, hapa inakaa bure."

Jamani, nilichemka! "Umekufa nani kakwambia? Rudi Pasaka. Ukikuta mkono huu haushiki kitu, beba." Akacheka, akaondoka. Nami nikalia, nisiwadanganye, maana cherehani ile ndiyo inayonilisha.

Nesi alinikataza kuupakata mkono kama mtoto, akasema niutafutie kazi ndogo ndogo. Sasa kazi gani? Dereva mmoja Mzambia, aliyekwama foleni, akanikuta barazani. Aliniita mayo, yaani mama kwa Kibemba chake. Yeye akisubiri kuvuka mpaka hutengeneza mashua ndani ya chupa. Akanionyesha: mashua inaingia mlingoti umelazwa, ikishakaa ndani unavuta uzi, mlingoti unasimama. Uzi! Wapendwa, uzi si ndiyo kazi yangu?

Nikaanza. Wapita njia wakasema kiharusi kimenipanda kichwani. Nikawaambia wapite salama. Nilichonga kwa mkono wa kulia, kijiti nimekibana kwa magoti, jirani yangu akinishikia chupa. Mashua ilipoingia tukapiga vigelegele. Halafu nikafanya nini? Nikainama, nikakata uzi kwa meno! Mazoea ya fundi hayo, kila mshono ukiisha nakata kwa meno. Na mlingoti bado umelala!

Jirani akacheka mpaka akaiweka chupa mezani, akatoka nje kujifuta machozi. Mimi hasira zikanipanda. Kiharusi kinishinde, shemeji anicheke, na uzi nao? Thubutu! Nikachukua waya, nikaukunja ncha, nikauingiza, nikautafuta ule uzi mle ndani mpaka nikaunasa. Nikavuta pole pole. Mlingoti ukasimama.

Nikamsikia jirani mlangoni. "Dada, nani ameshika chupa?"

Nikatazama. Mkono wangu wa kushoto, vidole vyote, umeikaba ile shingo. Uwii! Nilipiga yowe, lakini sikuiachia.

Pasaka shemeji akaja na guta lake. Nikamkaribisha, nikammiminia chai, nikampa kikombe kwa mkono wa kushoto. Mnajua kwetu hiyo ni dharau kubwa. Kikombe kilitetemeka, chai ikamwagika kidogo kwenye sahani. Akakipokea kwa mikono miwili. Guta lilirudi Ndalambo tupu, na cherehani inapiga kelele hadi leo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru nesi, na dereva yule popote alipo barabarani, na jirani yangu huyu anayecheka hapo nyuma. Na wewe uliyeambiwa kitu chako kimekufa, usikubali kukizika kwa sababu mwingine kasema. Kipe kazi kwanza, ukione.

Sasa chupa ipite, kila mtu ajionee. Mzee wa kanisa, anza wewe, pokea. Ndiyo, ni mkono wa kushoto, na wala siombi radhi.