Mama Vizibo na Dumu Jeupe

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Utundu alianza nao mapema. Akiwa na miaka sita alikata mfuko wa suruali ya mteja, akidhani ni kitambaa kilichobaki, akamshonea mwanasesere wake gauni. Mteja alifoka, baba akaomba radhi, na mwanasesere hakuvuliwa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa wa pili, kisha sekondari, na mwaka 1980 alihitimu chuo cha ualimu. Mwaka 1984 aliolewa na fundi baiskeli. Wenzake waliletewa maua. Yeye aliletewa minyororo ya baiskeli iliyochakaa, akaona hapa nimepata mume. Walijaliwa watoto wawili. Mume alitangulia mwaka 2006.

Kuanzia Januari 1981 hadi alipostaafu mwaka 2018 alifundisha sanaa katika shule moja. Darasani kwake hakikuingia kitu kipya. Mtoto akileta kopo, alisimama nalo mbele ya wenzake akaeleza limetoka wapi, nani alilitupa na lingeishia wapi. Wapo waliolia walipogundua kwamba watupaji ni wao. Kwa vizibo, chupa na makopo hayo walitengeneza ndege, sura za watu, hata picha kubwa ya mtaro ulioziba karibu na shule, mpaka wazazi wakaona haya, wakauzibua. Ndiyo maana akaitwa Mama Vizibo.

Sasa, habari ya dumu. Wengine wametushauri tuiruke. Mdogo wake, anayewasomea haya, amekataa katakata, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuiruka.

Tarehe 6 Oktoba 2011, binti wa miaka kumi alileta dumu jeupe. Desturi ya mwalimu ilikuwa kunusa kila chombo kabla ya kukikata kwa kisu kilichopashwa moto. Siku hiyo alikuwa na mafua. Alinusa, hakusikia kitu, akakata. Kumbe ndani mlikuwa na mabaki ya petroli! Moto uliruka, ukamuunguza mwalimu mkono na yule mtoto shavu.

Kwenye kikao cha kamati ya shule, mwalimu mwenzake alimnong'oneza, "Dada, sema mtoto alidanganya kuwa ameliosha. Utapona."

"Mimi nipone, na yeye je?" akajibu, kwa sauti waliyoisikia wote. "Pua ni yangu, kisu ni changu. Kosa ni langu."

Alisimamishwa kazi mwaka mzima. Mara tatu alimwendea baba wa mtoto, fundi umeme, kuomba msamaha. Mara ya tatu aliambiwa, "Nikikuona tena hapa, mimi na wewe tutafikishana pabaya." Tusifichane, jambo hilo lilimkosesha raha miaka yote. Aliporudi darasani alitumia mkasi tu.

Januari mwaka huu wa 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tarehe 14 Juni, fundi umeme aliingia wodini bila hodi. Sisi ndugu tukasimama wote, roho juu juu.

"Binti hajambo?" marehemu akamuuliza.

"Ni mwalimu siku hizi," akasema yule baba. "Anafundisha hayo hayo matakataka yako. Nimemkataza, nimeshindwa." Akavuta kiti. "Nimekusamehe, mwalimu. Nimechelewa, lakini nimekuja."

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja. "Mwambie akiwa na mafua aazime pua ya jirani," akasema.

Alifariki tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mdogo wake, wajukuu watano, na watoto. Jana fundi umeme alikuja msibani, akaomba binti yake asomwe pamoja na watoto hao. Wenyewe wakatazamana, wakakubali. Kwa hiyo marehemu ameacha watoto watatu: wa kiume mmoja, wa kike wawili.

Pumzika, dada. Amani uliyoitafuta umeipata.