Hema la Sebuleni

Seremala alipanda basi na binti yake wa miaka minne, sufuria moja, blanketi mbili na hema la mtumba. Walikuwa wanakwenda kupiga kambi msituni bila gari, bila gharama na, kwa maoni ya jirani yake wa kiti, bila akili.

Jirani huyo, mama mmoja fundi cherehani, alilipapasa hema kitaalamu. "Mwanangu, nguzo zake ziko wapi?"

"Nguzo za nini, mama? Wiki nzima tumelala ndani yake sebuleni, limesimama wima."

"Mlilifunga wapi?"

"Kwenye kochi na kabati!" binti alijibu kwa fahari.

Hapo seremala akakumbuka. Mtu anayewatengenezea wenzake vitanda visivyolia alikuwa ameacha nguzo za hema nyumbani, uvunguni mwa kochi.

"Shukeni hapo mbele, mrudi," mama alishauri. "Mtoto atalia, atanyamaza."

"Ameshawatangazia chekechea nzima, mama! Nitakata miti. Mimi ni seremala."

"Na msumeno unao?"

Abiria waliokuwa wamesinzia wakazinduka ili wacheke vizuri.

Basi likasimama. "Msituni! Mnashuka au mnarudi?" kondakta aliuliza. Seremala alikuwa bado anatafuta jibu lenye heshima, kumbe binti ameshashuka na kukumbatia mti wa kwanza.

"Baba, hema tulifunge hapa!"

Seremala akashuka. Mama akachungulia dirishani. "Na mvua ikinyesha?"

Basi likaondoka na swali lake.