Sixten Rydvall na Solo Isiyokuwa Yake

Ndugu wafiwa, majirani, wanamuziki wa bendi, na ninyi ambao hamkumjua marehemu ila kwa miguu, yaani mlicheza dansi tu yeye alipokuwa akipuliza, familia imemteua shemeji yake, Evert Lidgard, mpishi wa meli, awasomee historia hii, si kwa elimu yake, maana hana, bali kwa sababu sauti yake imezoea kushindana na injini, na kwa sababu mjane alihofia kwamba msomaji mwingine yeyote angeiruka sehemu ya katikati.

Marehemu Sixten Rydvall alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 9 Februari 1920, hapa Norrköping, akiwa mtoto wa pekee wa hayati Albin Rydvall, fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda cha vitambaa kando ya mto, na Mama Hulda, mpishi wa shule, ambaye tunaye hapa mstari wa mbele. Akiwa na miaka saba aliugua homa ya baridi yabisi, iliyomlaza kuanzia Krismasi hadi theluji ilipoyeyuka, ikamwachia moyo ambao daktari aliufananisha na mlango usiofunga vizuri, na kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kucheza mpira wala kuteleza kwenye barafu na wenzake, akabaki dirishani, akisikiliza bendi ya kiwanda ikifanya mazoezi ng'ambo ya ua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1927 hadi 1934, akapata alama nzuri za kuimba na za kusikitisha katika masomo mengine yote. Mwaka 1932 bendi ya kiwanda ilimwazima klarineti, lakini klarineti ilikuwa moja na waombaji wawili, wa pili akiwa Helge Thunander, mtoto wa ghorofa ya juu, hivyo wakapewa kwa zamu, leo huyu, kesho yule, kila mmoja na kipande chake cha kutia mdomoni, na Mama Hulda anasema alijua zamu ni ya nani bila kuchungulia, kwa kuwa Helge alipuliza kama mtu anayekimbilia treni, na Sixten kama mtu aliyeachwa na treni na wala hana wasiwasi.

Baada ya shule alifanya kazi katika karakana ya baiskeli, akipiga dansi za Jumamosi, hadi Septemba 1940, alipohamia Stockholm na kuajiriwa na bendi ya Bwana Arvid Bringfelt, iliyokuwa ikipiga katika mkahawa mmoja mkubwa. Jeshi, wakati ule wa vita, halikumtaka kwa sababu ya moyo wake. Helge, ambaye moyo wake haukuwa na kasoro, alilinda mpaka wa Norway kwenye baridi kwa miaka miwili, na alipokuja Stockholm nafasi zote nzuri zilikuwa zimeshikwa, akawa wa kuzibia mapengo, bendi hii ikiuguliwa na mtu, ile ikifiwa.

Sasa tumefika sehemu ile ya katikati.

Siku ya Jumanne, tarehe 18 Aprili 1944, bendi ilipangiwa kurekodi wimbo uitwao "Barafu ya Machi", na asubuhi hiyo moyo wa marehemu uligoma, hakuweza hata kuvaa viatu. Studio ilikuwa imeshakodiwa, basi Bwana Bringfelt akamwita Helge, naye akaja na koti la kuazima, akausikiliza wimbo mara moja, akapiga solo ambayo nyote mnaijua, pamoja na wale mnaojidai hampendi jazi, ile inayopanda kama mtu anayeruka ngazi mbili mbili, halafu inasita, halafu inacheka. Karatasi za kubandika katikati ya santuri zilikuwa zimechapishwa wiki iliyotangulia, nazo zilisema: klarineti, Sixten Rydvall.

Santuri ilitoka mwezi Juni, na kabla kiangazi hakijaisha ilikuwa ikisikika kutoka Malmö hadi Kiruna, na gazeti moja la muziki likaandika kwamba hatimaye kijana Rydvall ameachana na upole wake. Marehemu alilisoma gazeti hilo akiwa amesimama, akalikunja, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Bringfelt, akamwambia, "Mzee, hili lirekebishwe." Bwana Bringfelt akamjibu, "Lirekebishwe na nani? Bustani za dansi nchi nzima zimeshabandika sura yako ukutani. Unataka nizunguke na ndoo ya rangi nikikufuta pua?" Wanabendi wakacheka, na marehemu naye akacheka, na alikuja kumwambia mkewe kwamba hakumbuki uongo wowote alioutamka siku ile, anakumbuka kicheko tu. Bwana Bringfelt, ambaye tuko naye hapa, ameridhia haya yasomwe, na ameomba lawama zikibaki bila mwenyewe, apewe yeye.

Alipomwendea Helge, Helge alikuwa akinyoa ndevu. "Acha bwana we! Solo ni pumzi, imeshatoka hiyo. Kesho nitapiga nyingine." Marehemu akamuuliza, "Na jina lako je?" Helge akasema, "Jina langu liko mlangoni, na mwenye nyumba analijua vizuri mno." Marehemu akaondoka akiwa amefarijika, na ni faraja hiyo iliyomtesa maisha yake yote, kwa sababu alijua aliyemsamehe alikuwa bado hajajua kiasi alichopoteza.

Mwaka ule alijifungia chumbani na gramafoni, akaikariri solo ya Helge noti kwa noti, jambo ambalo kwa mpiga jazi ni aibu kuliko kulewa jukwaani, maana kazi yake ni kusema jambo lake, la usiku huo, papo hapo. Watu hawakutaka jambo la usiku huo. Huko Örebro alijaribu kupiga ya kwake, ya chini chini, ya polepole, kijana mmoja akapaza sauti, "Kaka, umelipwa nusu nini? Tupe ile ya kwenye santuri!" Msichana akadakia, "Mwacheni jamani, labda kaisahau!" Bustani nzima ikaangua kicheko, na marehemu akawapa ile ya kwenye santuri. Familia haimtafuti kijana huyo, kwa kuwa yupo katika kila mmoja wetu, hata msomaji wenu aliibeba santuri ile kutoka Rotterdam mpaka Santos, akijitambulisha kwenye baa za bandarini kuwa ni mtu wa ukoo wa mpulizaji, akanyweshwa bia nyingi kwa pumzi ya mtu ambaye hakuwahi hata kumsalimu.

Siku ya Jumamosi, tarehe 15 Juni 1946, marehemu alifunga ndoa na Gunvor Lidgard, mshonaji wa kofia. Muda si mrefu Gunvor alimsikia akipiga jikoni, akaacha sindano, akamuuliza, "Mbona jukwaani hupigi hivi?" Akajibu, "Jukwaani napiga ya Helge," akamweleza yote. "Basi waambie watu." "Nitawaambia." "Lini?" "Msimu ukiisha." Mjane ameomba isomwe kwamba aliuliza tena msimu ulipoisha, kisha akaacha kuuliza, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa ikilipwa na solo ile ile, na kwamba kuacha kuuliza kulikuwa kwake yeye, asitwishwe marehemu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marit, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1947, na Olle, aliyezaliwa tarehe 20 Januari 1950.

Mapema mwaka 1947, Gunvor akiwa mjamzito, Helge alipata nafasi ya kujaribiwa na studio moja, akapiga kwa namna yake, kama alivyopiga tangu utotoni, na wakaguzi wakamsikiliza mpaka mwisho, wakamshukuru, wakamwambia ana kipaji, tatizo lake ni moja tu, anamwiga mno Rydvall. Alitoka huko akaja nyumbani kwa marehemu, akaweka klarineti mezani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Shemeji Gunvor, umesikia maajabu? Mimi namwiga mumeo!" Gunvor anasema yeye alicheka kwa kutojua afanye nini, na marehemu hakucheka. Kesho yake alivaa suti akaenda studio hiyo kusema ukweli, na alipoingia wale wakaguzi walisimama wote kwa heshima, wakamvutia kiti, naye akaomba maji ya kunywa, akanywa, akashukuru, akarudi nyumbani. Mwezi uliofuata Helge alirudi Norrköping kuendesha tramu, na wengi wenu mmepanda tramu yake mkipiga mluzi wa solo yake mgongoni mwake.

Afya ya marehemu ilizorota kuanzia mwaka 1951, akaihamishia familia hapa kwao, na Machi 1952 madaktari walimkataza kupuliza. Hakutii kabisa. Jioni watoto wakiwa kitandani alikaa ukingoni akawapigia, noti za chini tu, kama mtu anayezungumza na mwenye usingizi, na hiyo ndiyo ilikuwa jazi yake Sixten Rydvall, ambayo haimo katika santuri yoyote, kwa kuwa tangu mwaka 1944 hakuna studio iliyomwomba apige ya kwake. Tunataka mlijue hili pia, kwamba uongo ule ulimnyima Helge jina, na ulimnyima Sixten sauti.

Alilazwa hospitali mwezi Oktoba mwaka huu, na Helge alikuwa akija kila akitoka zamu, na sare yake ya tramu, na maandazi ya mdalasini ndani ya kofia. Siku moja marehemu akamwambia, "Helge, nisikilize." "Kula kwanza." "Nimekula jina lako miaka tisa." "Basi umeshiba, jitahidi andazi moja tu." Marehemu hakucheka, akamshika mkono, akasema anataka litamkwe mbele ya watu wote, siku ya mazishi yake, maana akiwa hai amejaribu na siku zote huishia kuomba maji. Helge akaliweka andazi chini, akasema: "Iliniuma, Sixten. Nilicheka, lakini iliniuma." Marehemu akasema, "Najua," na mkewe, aliyekuwa dirishani, anashuhudia kwamba usiku huo alilala vizuri.

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1953, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Ameacha mama, mjane na watoto wawili.

Nyumbani hatukukubaliana kirahisi. Mama Hulda alisema, "Jina ndilo alilotuachia, sasa mnataka kulizika nalo?" Gunvor akamjibu, "Mama, lile tulilonalo si lake. Tunamtafutia lake." Jana Mama alimpelekea msomaji ujumbe kwamba asome kwa sauti ya kufika nyuma. Kwa hiyo familia nzima, akiwemo mama mzazi, inatamka mbele ya jeneza hili kwamba klarineti inayosikika katika "Barafu ya Machi" ni ya Helge Thunander, aliyeketi mstari wa nne na koti la kijivu, na inamwomba radhi, si kwa niaba ya marehemu peke yake, bali kwa niaba ya wote tuliojua na ya wote tulioshangilia bila kutaka kujua.

Familia inamshukuru Daktari Åkerblad, ambaye aliwahi kusikia klarineti wodini akaamua kuwa masikio yake yana hitilafu, na Sista Ingegerd, aliyesimama mlangoni asipite mwingine. Tunawashukuru majirani, hasa familia ya Wikner, waliowalisha watoto supu ya njegere kila Alhamisi na siku nyingine pia. Tunaishukuru bendi, iliyosafiri kutoka Stockholm na ikakubali kuiacha santuri garini, na madereva wa tramu waliogawana zamu ya leo ili mwenzao awe hapa.

Tukifika kaburini Bwana Thunander atapiga klarineti. Amekataa kupiga "Barafu ya Machi". Amesema yeye ndiye mpiga klarineti pekee aliye hai anayekumbuka jinsi Sixten alivyopiga kabla ya mambo haya yote, na atajaribu kuipiga hivyo, ya chini, ya polepole, bila haraka ya kwenda popote, na kwamba atakosea mahali pengi, na anaomba asipigiwe makofi. Atakuwa anapiga ya Sixten, kwa jina la Sixten, na safari hii kila mtu anajua.

Sixten, shemeji, pumzika sasa, sisi tunanyamaza tukusikilize.