Mtu wa Tatu: Maisha ya Mdogo Wetu Cherehani

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mdogo wetu, familia imenituma mimi, dada yake mkubwa, niwasomee maisha ya yule mliyemjua kwa jina la Cherehani, nanyi mtanivumilia, kwa kuwa humu mna jambo ambalo hata mama yetu hajalisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, akiwa kitinda mimba wa mama, fundi wa nguo, na baba, mlinzi wa ghala, katika chumba cha uani ambamo kitanda na meza ya kukatia vitambaa viligombania nafasi, akaanza kusema mapema, akasema bila kuvuta pumzi, ndipo majirani wakampa jina hilo. Alisoma shule ya msingi mwaka 1994 hadi 2000, na sekondari 2001 hadi 2004, ambako mwalimu wa hesabu alimtoa nje mara nyingi kwa kugonga dawati, na mara moja, nasema haya kwa ruhusa ya mwalimu mwenyewe aliyeketi pale nyuma, alimrudisha ndani ili amalizie ubeti.

Mwaka 2006 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapishaji, kwenye mashine ya kukunja karatasi, na mwaka 2008 yeye na wenzake wawili wakaanzisha kundi la rap, ambamo kwa miaka kumi na mitatu aliwaandikia wenzake mistari, akaimba viitikio, na kwenye mabango akasimama pembeni, bega moja limekatwa na ukingo wa picha. Tarehe 9 Agosti 2014 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, na tarehe 2 Juni 2016 wakajaliwa binti, mtu pekee aliyewahi kumshinda kwa maneno.

Kundi lilivunjika mwaka 2021 bila ugomvi, na Januari 2023 akaanza kurekodi albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, akaiita Mtu wa Tatu, na hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani kwetu, maana kufikia Aprili sauti yake ilikuwa ikikwaruza, yeye akisema ni vumbi la karatasi, sisi tukitaka sana kuamini, hadi tarehe 11 Septemba daktari alipotuambia kuwa ni saratani ya koo, kwamba upasuaji usicheleweshwe hata kidogo, na kwamba baada yake hataongea tena.

Zilikuwa zimebaki nyimbo nne. Mimi na mkewe tulimsihi kwenye benchi la hospitali, akatujibu, "Dada, nipeni wiki sita tu, nikishanyamaza ni moja kwa moja," nasi tukakubali, na wiki sita zikawa tisa, tukihesabu kila kikohozi kupitia ukuta. Mama, wewe tulikuambia hospitali ndiyo iliyopanga tarehe ya mbali. Haikuwa hivyo, na hadi leo sijui kama tulikosea, lakini ukiwa na hasira, tafadhali anza na mimi.

Albamu ilitoka tarehe 3 Novemba 2023, na siku kumi zilizomtenga na upasuaji alizimaliza ameshika simu, akisubiri maoni ya wasikilizaji. Siku tatu za kwanza palikuwa kimya, ya nne mtangazaji mmoja wa redio akasema hii ni sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, watu wakacheka, wengine wakaandika kwamba bila wenzake yeye ni kiitikio tu. Tarehe 13 akapasuliwa, na alipokuwa wodini, shingo imefungwa, alinipa simu nimsomee maoni, nami nakiri mbele yenu kwamba sikuyasoma, niliyatunga, siku tano nzima nikimsomea sifa ambazo hakuna aliyeziandika, hadi siku ya sita akavuta daftari, akaandika, "Dada, mashabiki wangu wote wanaongea kama wewe, hata 'jamani' wanaiweka palepale. Soma ya kweli."

Nikasoma ya kweli, yakiwemo ya mhakiki wa gazeti aliyesema nyimbo mbili zingeachwa, mdogo wangu akaandika, "Hapo kasema kweli," kisha nikafika kwa dereva wa lori aliyesema ameurudia wimbo wa saba safari nzima, kwa kuwa ulikuwa sauti ya mtu anayeogopa na bado anaendelea. Aliniashiria nirudie, akanikazia macho, nikamgeuzia simu aone mwenyewe kwamba situngi, akasoma taratibu, akalala saa nne mfululizo, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Septemba. Albamu haikuvuma, lakini maneno ya aina hiyo yaliendelea kuja, moja moja.

Januari ugonjwa ulifika kwenye mapafu, na Jumamosi tarehe 17 Februari 2024, saa nne asubuhi, akafariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliojifunza kusoma mwandiko wake mbaya, majirani waliompeleka binti shuleni, wafanyakazi wenzake waliomshikia zamu, na wale wenzake wawili wa kundi, waliokuja kila Jumapili wakakaa bila kujua waseme nini, na wakakaa hivyo hivyo.

Mdogo wangu, hakuna tena majibu ya kusubiri. Pumzika, pumzika kwa amani.