Boga la Siku Jua Lilipopatwa

Katika behewa la wanawake, treni ikitoka stesheni ya Sealdah, abiria mmoja alimkazia macho Tuktuki, msichana aliyezaliwa na hali ya Down, aliyeketi na mama yake, Purabi. “Dada, ulikata mboga jua likipatwa, ukiwa na mimba?” Alimuuliza Purabi kama anayeulizia nauli.

“Nilikata boga. Mama mkwe kanisimanga miaka kumi na tisa kwamba kisu kile ndicho kilichomdhuru mtoto tumboni. Leo, kwenye utafiti wa serikali, daktari kasema ni kromosomu iliyozidi, kisu hakihusiki.”

“Kodi zetu hizo. Utafiti unamponya?”

“Haumponyi. Unampima moyo, na mimi umenitua lawama. Serikali ilichelewa, sasa iongeze tafiti kama huu.”

“Lakini boga ulikata.”

“Nikalipika. Mama mkwe alikula, akaomba aongezewe.”

Kwenye stesheni ya Barasat yule abiria akashuka, bado anabisha. Purabi na binti yake wakajinyoosha kwenye nafasi aliyoacha.